Kidonge Kimoja, Nia Mbili

Lugha yetu ina tabia ya kukipa kitu jina kutokana na kazi yake. Kifuniko hufunika, kizibo huziba, kinyozi hunyoa. Wataalamu wa lugha walipotafuta neno la zile dawa ambazo wengi wetu tunaziita antibiotiki, walifuata mkondo huo huo wakapata "kiuavijasumu", yaani kile kinachoua vijidudu vya maradhi. Ni neno zuri, nami sina ugomvi nalo. Lakini majina ya namna hii yana hatari yake. Yanatufanya tuamini kwamba kitu kina kazi moja tu, na kwamba tukishalitaja jina tumekwisha kulijua jambo. Kifuniko cha sufuria mikononi mwa mtoto ni usukani wa basi. Je, kiuavijasumu kikimezwa na mtu ambaye hana haja ya kuua kijidudu chochote, tukiiteje? Na zaidi ya hilo, mtu huyo anatenda haki?

Ndugu msomaji asidhani kuwa huu ni mchezo wa maneno. Wapo watu wengi leo, katika nchi nyingi, wanaomeza dawa za aina hiyo kwa miezi na hata miaka, si kwa ajili ya kuua vijidudu bali kwa ajili ya kuyatuliza mapafu yao. Mmoja wao ni dada yangu mkubwa. Kabla sijafika kwake, sina budi kueleza jambo lenyewe lilivyoanza, maana bila hilo swali langu halitaeleweka.

Mwaka 1969 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa wa mapafu ambao ulikuwa haujatajwa waziwazi kabla ya hapo. Ulishambulia mirija midogo kabisa ya hewa. Mgonjwa alikohoa kutwa kucha, akatoa makohozi mengi, akapungukiwa pumzi mwaka hadi mwaka. Mwishoni mapafu yake yalivamiwa na bakteria mmoja mkaidi aitwaye Pseudomonas. Katika wagonjwa 100 waliogunduliwa miaka ya 1970, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa kama 63 tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari Shoji Kudoh alikutana na mgonjwa wa aina hiyo ambaye, badala ya kudhoofika kama ilivyotarajiwa, alikuwa amepata nafuu kubwa. Alipochunguza aligundua kwamba daktari mwingine alikuwa akimpa mgonjwa huyo erithromaisini, dawa ya kawaida tu, kwa muda mrefu sana. Kudoh hakulipuuza jambo hilo. Akaanza kuwapa wagonjwa wengine dozi ndogo, miligramu 400 hadi 600 kwa siku, kwa miezi mingi. Miongoni mwa wale waliogunduliwa kati ya mwaka 1985 na 1990, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walifika kama 91 katika 100.

Ajabu ilikuwa hii: erithromaisini haina uwezo wa kumwua Pseudomonas, tena si kwa dozi ndogo kama ile. Wagonjwa wengine walipata nafuu huku bakteria yule akiendelea kuonekana katika makohozi yao. Dawa haikuwa imemfukuza adui, na hata hivyo nyumba ilikuwa imetulia. Ilifanya nini basi?

Jibu limo katika kile kinachoitwa mchochota. Mwili ukivamiwa, hutuma seli nyeupe za damu mahali palipovamiwa. Pale panavimba, panapata joto, panauma, panatoa majimaji. Hiyo ni kazi njema, na bila hiyo tungekufa kwa mkwaruzo wa mwiba. Lakini katika mapafu ya mgonjwa wa siku nyingi kazi hiyo haikomi. Ni kama askari walioitwa kijijini kumkamata mwizi. Mwizi kajificha porini, nao wamebaki wanavunja milango ya wenyeji na kula kuku wao. Seli zile humwaga kemikali ambazo huila kuta za mirija ya hewa. Kuta zikishalegea, makohozi hutuama. Makohozi yakituama, vijidudu hustawi. Vijidudu vikistawi, askari wengine huitwa. Ukoo wa dawa ya erithromaisini, pamoja na ndugu yake azithromaisini, hupunguza ile miito inayowaita askari, na hupunguza makohozi yenyewe. Aidha, huwavuruga bakteria wa Pseudomonas wasiweze kupashana habari na kujijengea utando wao wa ute, ingawa hauwaui. Kwa hiyo kidonge kimoja kina kazi mbili ndani yake: kuua na kutuliza.

Habari hiyo ilienea. Huko New Zealand wagonjwa 141 wenye mirija ya mapafu iliyotanuka na kulegea walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2012: waliopewa azithromaisini kwa miezi sita walizidiwa mara chache zaidi, pungufu kwa zaidi ya nusu, kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Huko Marekani, mwaka 2011, ilitolewa taarifa ya wagonjwa 1,142 wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Waliomeza dawa kila siku kwa mwaka mmoja walikaa siku 266 kabla ya kuzidiwa kwa mara ya kwanza; wenzao walikaa siku 174. Mtu mwenye mapafu mazima anaweza kuziona siku hizo 92 kuwa ni kitu kidogo. Mtu anayejua maana ya kulala ameketi, kwa kuogopa kukosa pumzi, hatasema hivyo.

Lakini kuna upande wa pili wa daftari. Miongoni mwa wale Wamarekani waliotumia dawa, asilimia 25 walipungukiwa usikivu, dhidi ya asilimia 20 ya wenzao. Na Uholanzi, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2013, bakteria waliopatikana kwa wagonjwa waliotumia dawa mwaka mzima walikuwa sugu kwa kiasi cha asilimia 88, wakati kwa wale wengine ilikuwa asilimia 26. Maana yake ni kwamba mgonjwa anapata pumzi, na papo hapo koo na mapafu yake yanageuka kuwa shule ambamo vijidudu vinafundishwa kuishinda dawa.

Sasa nifike kwa dada. Aliugua kifua kikuu mwaka 1988 akatibiwa akapona, ila kilimwachia makovu. Baada ya hapo alipika maandazi kwa kuni kwa zaidi ya miaka ishirini, kule Tanga, akasomesha watoto wanne kwa moshi ule. Leo mirija ya pafu lake la kulia imetanuka mithili ya mifuko, na makohozi hutuama humo. Mwaka juzi alilazwa mara tatu. Daktari bingwa aliyemwona alipendekeza azithromaisini, miligramu 250, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Hakuwa mtu wa haraka. Kwanza alipima makohozi ili kuhakikisha kwamba kifua kikuu hakijarudi wala jamaa zake wa karibu hawamo, kwani hao wakipewa dawa hiyo peke yake huwa sugu upesi. Akapima mapigo ya moyo kwa mashine, akapima masikio. Kisha akaeleza faida na hasara zote, pamoja na hii ya usugu.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Nyumbani kwake wanaishi wajukuu watatu, mdogo wao ana miaka miwili na hulala naye kitanda kimoja. Akauliza, "Daktari, hivyo vijidudu vitakavyoizoea dawa, vitabaki kwangu tu?"

Daktari akajibu kwa ukweli, "Hapana, mama. Vinaweza kuhamia kwa wengine."

Tulipokuwa tunarudi dada alikuwa kimya muda mrefu. Halafu akaniambia, "Mdogo wangu, kama nanunua pumzi yangu kwa kuwakopa hawa watoto bila kuwauliza, huo si wizi?"

Nimeishi na swali hilo tangu siku ile, na nimelipima kwa kila upande.

Si swali jipya. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel mwezi Desemba 1945, aliwasimulia wasikilizaji wake hadithi ya mtu wa kubuni. Mtu huyo anaumwa koo, anajinunulia penisilini, anatumia kidogo kuliko inavyotakiwa. Vijidudu vyake havifi bali vinajifunza kuistahimili dawa. Anamwambukiza mke wake. Mke anaugua nimonia, anatibiwa kwa penisilini, dawa haifanyi kazi, anafariki. Fleming akauliza ni nani aliyesababisha kifo kile, naye akaelekeza kidole kwa mume. Tangu siku ile tumekuwa na neno la kumwambia mtu anayechezea dawa. Na hatari ile haikubaki katika hadithi. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa, na sehemu kubwa ya mzigo huo iliangukia Afrika kusini mwa Sahara.

Je, dada yangu ni sawa na mume yule?

Jibu la kwanza linalokuja haraka ni la nia. Mtu anaweza kusema: sisi tumefundishwa kwamba tendo hupimwa kwa nia yake, nia ya dada ni kutuliza mchochota, hana nia ya kupigana na vijidudu, basi usugu ukitokea hausimami juu yake. Mimi naiheshimu hoja ya nia, kwa sababu ndiyo inayotenganisha ajali na uovu. Lakini haitoshi hapa. Vijidudu havisomi nia. Kidonge kikishaingia tumboni kinafanya kazi zake zote mbili, ile tuliyoikusudia na ile tusiyoikusudia. Anayechoma shamba lake akijua kuwa upepo unavuma kuelekea kwa jirani hawezi kujitetea kwamba nia yake ilikuwa kilimo. Tunachokijua kabla ya kutenda ni sehemu ya tendo letu, hata kama hatukitaki.

Jibu la pili ni la hesabu. Mtu anaweza kusema: mgonjwa mmoja wa Tanga ni tone katika bahari; akinywa au asinywe, dunia haitabadilika. Hoja hii ina ukweli, na ndiyo maana ni ya hatari. Haba na haba hujaza kibaba, wala hakuna kibaba kilichojazwa kwa njia nyingine. Kila anayenunua rangi mbili dukani kwa ajili ya mafua, kila mfugaji anayewachanganyia kuku dawa kwenye maji bila ushauri wa daktari wa mifugo, huyo naye ni tone. Hoja ya tone ikimsamehe dada yangu, inawasamehe wote, na bahari inajaa.

Jibu la tatu ni la ukali: dawa hizi ziachiwe wale wanaokabiliwa na kifo leo, na wagonjwa wa siku nyingi wavumilie. Wenye kusema hivyo wana ushahidi mzito. Azithromaisini ni mali ya wengi. Ndiyo iliyogawiwa vijijini, pamoja na vijiji vya Kongwa, kupambana na trakoma inayopofusha macho. Ndiyo inayotegemewa mahali pengine kutibu homa ya matumbo iliyokwisha kushinda dawa nyingine. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu. Mtu anayechota kila wiki katika kisima kama hicho lazima aulizwe anachota kwa nini.

Naam, aulizwe. Lakini kuulizwa si kufukuzwa. Nikilitazama jibu la tatu kwa karibu naona dhuluma ndani yake. Kisima kimechafuliwa na watu wazima wa afya waliotaka mafua yaishe siku mbili mapema, na biashara zilizotaka kuku wakue upesi. Leo tumegundua kwamba maji yanapungua, na mtu wa kwanza tunayemwambia aweke kata chini ni bibi mwenye pafu lililooza. Kwa nini yeye? Kwa sababu anaonekana. Ana jina, ana faili, ana kadi ya kliniki, dawa yake imeandikwa kwenye cheti. Wapotevu hawana faili. Ni rahisi kumwadhibu aliyepanga foleni kuliko kumtafuta aliyepita mlango wa nyuma.

Tena tusifikiri kwamba jambo hili ni anasa ya wazee wa Ulaya na Marekani. Katika miji ya Harare na Blantyre watoto na vijana 347, wenye umri wa miaka 6 hadi 19, walifanyiwa utafiti uliotangazwa mwaka 2020. Wote walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, na mapafu yao yalikuwa yameharibika. Nusu walipewa azithromaisini mara moja kwa wiki kwa wiki 48. Nguvu ya kupumua haikuongezeka kwa kiasi cha kutosha, jambo lililowavunja moyo wengi, lakini kuzidiwa kulipungua kama kwa nusu. Na usugu nao ukaongezeka katika vijidudu walivyobeba. Haya, mwambie mtoto wa miaka kumi wa Blantyre kwamba nafuu yake ni wizi! Mimi sina ulimi huo.

Basi haki iko wapi? Nimefikia kuamini kwamba neno la dada, "wizi," halikuwa mahali pake, lakini neno lake jingine, "kukopa," lilikuwa sahihi kabisa. Mwizi na mkopaji wote wawili huchukua kisicho chao. Tofauti ni kwamba mkopaji anajua anadaiwa, huchukua kwa kipimo, na huishi kwa namna ya mtu mwenye deni. Kukopa kwa ajili ya njaa si aibu. Aibu ni kukopa kwa ajili ya ngoma, au kukopa na kujifanya umesahau.

Deni la namna hii lina masharti yake, na sioni kuwa ni magumu kuyataja. Kwanza, haja iwe ya kweli: mtu awe anazidiwa mara kwa mara, na awe amekwisha kujaribu yale yasiyomgharimu jirani, kama vile kuacha sigara, kuuacha moshi wa kuni, kufanya mazoezi ya kutoa makohozi, kupata chanjo. Pili, pawe na vipimo kabla na kipimo cha muda. Dawa isiyo na tarehe ya kuulizwa kama bado inafaa huwa mazoea, na mazoea ndiyo upotevu. Tatu, anayeikopa asiipoteze kwingine: asimpe jirani vidonge viwili vya kuonja, asimnunulie mjukuu rangi mbili kwa ajili ya kikohozi cha siku moja. Nne, na hili linatuhusu sisi wazima, jamii isimwachie mgonjwa alipe deni peke yake. Anayekunywa kwa haja ananyang'anywa haki yake na kila anayekunywa bila haja.

Hapo ndipo naikumbuka asili ya dawa yenyewe. Erithromaisini haikutungwa na binadamu. Inatengenezwa na bakteria wa udongoni. Udongo uliowatoa ulichukuliwa Iloilo, nchini Ufilipino, na daktari aitwaye Abelardo Aguilar, akautuma Marekani mwaka 1949. Dawa ikaingia sokoni mwaka 1952. Aguilar alidai sehemu ya mapato maisha yake yote, akafa bila kuipata. Kwa hiyo hata walioitajirikia dawa hii waliikopa, kwanza kutoka katika ardhi, pili kutoka kwa mtu aliyeinama kuuchota udongo. Watafiti wa Japani wamejaribu kuitenganisha ile kazi ya kutuliza na ile ya kuua, ili mgonjwa apate pumzi bila kuvifundisha vijidudu ukaidi. Hadi leo juhudi hizo hazijazaa dawa ya kawaida ya hospitalini. Siku zitakapozaa, nusu ya swali langu itakufa, nami nitafurahi kuizika.

Dada aliamua kuinywa. Hakuamua kwa sababu nilimshinda kwa maneno, maana hajawahi kushindwa na mimi tangu utoto. Aliniambia, "Nitakunywa mwaka mmoja, halafu nitamwuliza daktari tena. Na wewe usiniletee tena maandazi ya kuni." Alihamishia jiko la kuni nje, kisha akanunua mtungi wa gesi. Yule mjukuu mdogo alitengewa kitanda chake, akalia usiku mbili, akazoea. Sasa ni mwezi wa tisa, na dada amelazwa mara moja tu. Bado anakohoa asubuhi. Masikio yake yamepimwa mara ya pili na ni mazima.

Vidonge vyake huviweka ndani ya bati la majani ya chai, juu ya kabati, na mfuniko wake ni mgumu kufunguka. Jirani mmoja alipokuja kuomba viwili kwa ajili ya mafua ya mwanawe, dada alimpa chai ya tangawizi, na kwa vidonge akamwambia kwamba si vyake vya kugawa. Nilikuwapo. Niliona jirani hakuelewa, akaondoka akidhani amenyimwa. Kusema kweli, hata mimi ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa amepewa.